Mkopo wa mama, kipigo nyumbani

SWALI: Nasimamia vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama. Watatu wamenidokeza kwamba waume zao huwapokonya fedha siku ya mkopo, mmoja amepigwa. Sasa mfadhili anataka tuweke kwenye dodoso swali la wangapi wamepigwa. Nianzie wapi?
Afisa mradi, Mwanza

JIBU: Anzia kwenye njia ya fedha, dodoso lisubiri. Noti zikigawiwa hadharani, siku inayojulikana na mtaa mzima, mume atakuwa anasubiri mlangoni. Waulize wanakikundi wenyewe siku ipi na njia ipi ni salama. Kutuma kwa simu kunasaidia, ila si pale laini inapokuwa ya mume au anapoijua namba ya siri. Na dhamana isiwe kochi au baiskeli ambayo mume hajaridhia: marejesho yakikwama, ugomvi huanzia hapo.

Kisha mafunzo. Hapo hapo Mwanza, utafiti wa MAISHA uliwapitisha wanavikundi vya mikopo kwenye vikao 10 ndani ya wiki 20, na vipigo vikapungua. Limpopo, Afrika Kusini, mikopo iliyofungamanishwa na mafunzo ya jinsia na VVU ilipunguza ukatili wa wenzi kwa asilimia 55 katika miaka 2. Semina ya siku moja, fulana na soda, haifiki huko.

Mfadhili mkatalie kwa adabu. Mkilazimika kuuliza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2001 unadai faragha, mwulizaji aliyefunzwa, mwanamke mmoja tu kwa kaya, na mahali pa kumpeleka anayehitaji msaada. Pigeni simu kwanza kuhakikisha pako wazi. Mume akiingia ghafla, mwulizaji ahamie maswali ya chanjo za watoto.

Yule aliyepigwa, usiende kumsuluhisha na mumewe. Mume akishajua unajua, atakayelipia ni mama. Mweleze kuhusu dawati la jinsia polisi na ustawi wa jamii, aamue mwenyewe.

SWALI: Aliyebakwa aanzie polisi au hospitali?
Mjumbe wa kamati ya kijiji

JIBU: Hospitali, ndugu afuatilie PF3, fomu ya matibabu ya polisi, wakati yeye anatibiwa. Dawa za kukinga VVU huanza ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na humezwa siku 28. Za kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, ushahidi ukaoza.