Taa za LED kwa tangi la matumbawe lenye kina kirefu: nunua kwa kuangalia chini

Tangi langu la maji chumvi lina kina cha sentimita 75. Nililipenda kwa sababu miamba inaweza kupanda juu na samaki wanapata nafasi ya kuogelea, lakini kina hicho ndicho kilichonisumbua kuliko kitu kingine chochote. Kazi si kupata mwanga mkali. Kazi ni kuufikisha kwenye mchanga bila kuyaunguza matumbawe ya juu.

Taa ya kwanza niliichagua kwa kuhesabu wati. Nikaitundika moja, katikati, sentimita 10 tu juu ya maji, nikaiwasha kwa asilimia 100 tangu siku ya kwanza. Siku ya tano, tawi la Acropora (tumbawe gumu la matawi) nililoliweka kileleni mwa miamba lilikuwa na ncha nyeupe. Weupe ukateremka hadi kwenye shina, kisha ngozi ikaanza kubanduka vipande vipande na kuacha mifupa mitupu. Chini kwenye mchanga, Montipora, tumbawe jingine gumu, iliyokuwa ya rangi ya machungwa ilikuwa imegeuka kahawia. Nilidhani inaumwa. Kumbe tumbawe lenye njaa ya mwanga huongeza vijimea vinavyoishi ndani ya ngozi yake na kulilisha, na rangi ya kahawia ni ya vijimea hivyo. Taa ileile moja ilikuwa inaua huku na kudhoofisha kule.

Niliazima kipima PAR, yaani kifaa kinachopima mwanga wenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 400 na 700, ule ambao vijimea huutumia kutengeneza chakula. Kileleni kilisoma 480, kwenye mchanga 45. Nilisikitika sana kwamba sikupima mapema. Wafugaji wengi hulenga kati ya 50 na 150 kwa matumbawe laini, na kati ya 200 na 350 kwa yale ya mifupa yenye polipu (vinyama vinavyojenga tumbawe) ndogo kama Acropora. Usitegemee programu ya simu inayopima lux. Lux hupimwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani vizuri zaidi, na taa zetu zina buluu nyingi, kwa hiyo namba itakudanganya.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililookoa tangi langu: taa ikiwa juu zaidi, tofauti ya juu na chini hupungua. Chukua tumbawe lililo sentimita 15 chini ya maji. Taa ikiwa sentimita 10 juu ya maji, tumbawe hilo liko sentimita 25 kutoka kwenye taa na mchanga uko sentimita 85, mara 3.4 ya umbali ule. Pandisha taa hadi sentimita 30, umbali unakuwa 45 na 105, mara 2.3 tu. Vioo vya tangi navyo hurudisha mwanga ndani, kwa hiyo hesabu halisi haiendi sawasawa na hiyo, lakini mwelekeo ni huohuo. Maji safi yenyewe, kwa kina cha matangi yetu, hula mwanga kidogo. Kinachokula zaidi ni mwanga kutawanyika kadiri unavyokwenda mbali na taa. Ila maji yakianza kuwa ya manjano, buluu hupungua kwelikweli, na mkaa wa kuchujia huyarudisha.

Ukipandisha taa, lenzi ndiyo inayoamua. Lenzi ya nyuzi 120, yaani inayotandaza mwanga kwa upana huo, itaumwaga nje ya tangi. Ya nyuzi 60 itausukuma chini vizuri, lakini itakupa duara kali katikati na vivuli vizito pembeni, na upande wa tumbawe ulio kivulini hufa polepole. Mimi nilitulia kwenye taa mbili za nguvu ya wastani zenye lenzi za takriban nyuzi 80, zikiwa sentimita 28 juu ya maji. Taa mbili za wastani ni bora kuliko moja kali, hapo sina shaka hata kidogo, kwa sababu kila tawi linapata mwanga kutoka pande mbili.

Rangi isikuumize kichwa. Hakikisha tu buluu ya nanomita 420 hadi 460 ni nyingi, ongeza nyeupe kiasi cha kupendeza macho, nyekundu kidogo.

Safari hii nilianza kwa asilimia 40, nikaongeza 5 kila wiki. Saa za mwanga kamili ni nane kwa siku. Nilisimama nilipopata 290 kileleni na 110 kwenye mchanga. Wiki ya saba Montipora ilitoa ukingo mweupe mwembamba kama uzi. Huo ni ukuaji mpya, usiuchanganye na kupauka: kupauka hula katikati pia.

Miezi michache baadaye mchanga ulisoma 85, nami sikuwa nimegusa kitu. Nilipanda ngazi nikakuta ukoko wa chumvi umeganda kwenye kioo cha taa. Nilizima, nikasubiri ipoe, nikafuta kwa kitambaa laini na maji yasiyo na chumvi. Namba ikarudi 108. Sasa nafuta kila Jumapili.