Soksi juu ya viatu: wazee wa klabu hawakutanii

SWALI

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Nilijifunza kupanda miamba Lukenya nikisoma Nairobi, na sasa niko chuoni Bangor, kaskazini mwa Wales, ambako mvua haiulizi msimu. Mwezi uliopita tulikwenda Idwal, bonde la huku lenye miamba ya kupanda, tukakuta mwamba umelowa chepechepe. Viatu vyangu ni vya kisasa, soli ya raba laini inayonata, na vilikula posho yangu ya mwezi mzima. Niliteleza hatua ya tatu tu. Mzee mmoja wa klabu akatoa mfukoni soksi kuukuu za sufu, akazivisha juu ya viatu vyake, akapanda kama anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Anasema babake alikuwa akipanda palepale kwa buti za misumari. Je, soksi zinafanya kazi kweli au ni mbwembwe za wazee? Na hizo buti, nizitafute?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Soksi zinafanya kazi. Mimi nami nilicheka nilipoambiwa, nikiwa huko huko Wales kwa mafunzo ya uongozaji. Nilicheka mpaka nilipoteleza nikachuna goti, na aliyenishikia kamba akanirushia soksi zake bila kusema neno.

Ila kabla ya kuzungumzia viatu, hebu nikurudishe Kilifi. Maji yakipwa, watoto hukimbia juu ya mwamba wa matumbawe uliolowa wala hawaanguki. Hatua chache mbele pana jiwe la kijani, nalo limelowa vilevile, lakini ukilikanyaga tu unajikuta chali. Yote mawili yana maji, kwa hiyo mkosaji si maji. Kilichokuangusha ni ule ukoga: ute wa mwani na vijidudu uliotanda juu ya jiwe. Idwal mambo ni hayo hayo. Pembeni mwa njia zinazopandwa kila siku, mwamba umevaa kuvumwani, yaani ule utando wa kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Ukikauka ni mgumu na unakwaruza. Ukinyeshewa unavimba, unalainika, na unakuwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji.

Raba hushika jiwe kwa kujibinya ndani ya vijishimo vyake. Jiwe likiwa safi na lenye kukwaruza, uzito wako unayasukuma maji pembeni, ncha za jiwe zinaifikia raba, na unasimama karibu kama siku ya kiangazi. Ukoga haukubali kusukumwa. Umeshikamana na jiwe, na soli yako haina mfereji hata mmoja wa kuupitishia, kwa hiyo unaelea juu yake. Dereva wa matatu angenielewa nikisema una tairi kipara kwenye tope. Soli hiyo ilitengenezwa makusudi iwe kipara: Pierre Allain, Mfaransa aliyebuni viatu vya soli laini bila meno, aliviwazia mawe ya Fontainebleau karibu na Paris katika miaka ya 1930, na siku ya mvua pale watu hurudi nyumbani. Raba inayonata zaidi ilikuja mapema miaka ya 1980 na viatu vya Boreal Firé kutoka Hispania. Kila hatua ya maendeleo hayo ilimnufaisha anayepanda kwenye ukavu. Mtu wa mvua hakuna aliyemkumbuka.

Sasa soksi. Ukisugua sufuria yenye ukoga kwa kiganja kitupu, unaupapasa tu. Ukichukua dodoki, unautoboa na kuukusanya. Nyuzi za sufu zinafanya kazi ya dodoki: maelfu ya ncha zinapenya ute hadi kwenye jiwe, na hapo hapo kitambaa kinanyonya maji yaliyobaki. Sufu ngumu inayowasha ni bora kuliko sufu laini ya bei. Pamba nene inafaa. Nailoni iache kabisa.

Chagua soksi kubwa kuliko mguu wako, kwa sababu itameza kiatu kizima. Ivute mpaka ikaze, mshono wa vidoleni uuzungushe uende juu, usikae pale unapokanyagia. Ikilegea kifundoni, ifunge kwa kamba nyembamba. Usiivae njiani. Ivae ukiwa tayari chini ya mwamba, maana ikishajaa tope la njiani nyuzi zimezibwa na umejivisha utelezi mwenyewe. Beba jozi mbili: ya kwanza haimalizi siku. Ikitoboka kidoleni inaanza kujikunja chini ya wayo, na huo ndio wakati wa kuivua, hata kama umesimama mahali pasipostarehesha.

Na upandaji wenyewe unabadilika. Ile ncha ya kiatu uliyozoea kuiweka juu ya kijiukingo chenye unene wa sarafu imepotea ndani ya kitambaa. Kanyaga kwa wayo, kisigino kishuke, uzito ushuke pole pole, usiruke wala kusokota mguu. Ukifika sehemu kavu na safi, vua, kwa kuwa soksi juu ya jiwe kavu ni utelezi mpya. Nimeona watu wakizing'ang'ania hadi juu kwa uvivu wa kufungua fundo.

Umenigusa ulipotaja buti za misumari. Kabla ya raba, huko Ulaya ndizo zilizokuwa buti za mlima, na kwa masikio yetu jina linalozifaa lipo tayari: njumu. Soli ilikuwa ya ngozi nene, na fundi aliipigilia vyuma vya aina mbalimbali. Vya kawaida vilikuwa misumari ya vichwa vya mviringo, iliyopigiliwa katikati ya soli. Pembeni alizungusha klinka, chuma laini chenye ulimi unaokunjwa juu ya ukingo wa ngozi. Kwa kuwa ni laini, jiwe lenye kukwaruza liliingia ndani ya chuma, na hapo ndipo kishiko kilipotoka. Kisha Félix Genecand wa Geneva, ambaye wenzake walimwita Tricouni, akaleta katika miaka ya 1910 vyuma vigumu vyenye meno kama ya msumeno, navyo vikachukua jina lake la utani. Tricouni liliuma ukingo mdogo wa jiwe, udongo ulioganda, majani, na ndiyo, kuvumwani kilicholowa. Lilikata ukoga badala ya kuelea juu yake. Ndiyo maana huko Scotland, kwenye magenge yenye majani na maji ya Cairngorms, wapandaji wa Aberdeen waliendelea kuyavaa miaka mingi baada ya raba kutawala kwingine.

Raba yenyewe iliingia mlimani kwa msiba. Mwaka 1935 Waitaliano 6 walikufa katika safari ya Punta Rasica, kwenye Alps. Vitale Bramani, aliyekuwa kwenye msafara huo, aliona viatu vilikuwa sehemu ya tatizo: buti za misumari ziliachwa chini, wakapanda na viatu vyepesi, dhoruba ikawakuta huko juu. Alitafuta soli moja ifaayo kwa kutembea na kwa kupanda, na mwaka 1937, kwa msaada wa kampuni ya matairi ya Pirelli, akaitoa ikiwa na meno makubwa. Jina lake, Vibram, limetokana na jina lake yeye. Ni soli nzuri mno, labda buti zako za kutembelea zinayo. Lakini waliohama kutoka kwenye misumari waligundua haraka kwamba juu ya jiwe la kijani lililolowa wamepata hasara. Chuma kilikuwa kinakata, raba inapapasa.

Kwa hiyo, uzitafute hizo buti? Hapana. Misumari inakwaruza jiwe, na Cwm Idwal ni hifadhi ya taifa ya mazingira tangu 1954, yenye mimea ya baridi inayoota kwenye nyufa zilezile ambazo ungezichokoa. Ukitaka ushahidi wa uharibifu, panda Hope. (Njia tatu za pale zinaitwa Hope, Faith na Charity, yaani Tumaini, Imani na Upendo. Mtume Paulo angefurahi, ingawa Hope ndiyo iliyotangulia, mwaka 1915.) Utaona mikwaruzo ya buti za miaka hiyo bado inang'aa juu ya jiwe, na vishikizo vya miguu vimesuguliwa vikawa kama vigae vya bafuni. Hapo soksi zitakusaidia kidogo tu, kwa sababu tatizo ni kung'arishwa, si ukoga. Halafu misumari inataka ufundi wake: unasimama juu ya jino moja bila kutikisika, nawe huoni lilipo. Wazee waliusomea tangu utotoni. Karibu na Hope ipo njia iitwayo Tennis Shoe, nalo jina hilo linakuambia kwamba hata enzi hizo kulikuwa na watu waliochoka na chuma wakajaribu raba za uwanjani, siku za jua.

Baada ya raba na misumari, kundi la tatu ndilo ninalolipenda zaidi, nalo ni ndugu wa soksi zako. Huko Pyrenees, milima iliyo kati ya Ufaransa na Hispania, wenyeji walipanda kwa viatu vya kitambaa vyenye soli ya kamba iliyosukwa ikazungushwa kama mkeka. Kwenye Dolomites za Italia walivaa scarpetti: matabaka ya matambara yaliyoshonwa pamoja kwa uzi mnene, au soli za felti, yaani sufu iliyogandamizwa. Vyote vilishika jiwe la chokaa lililolowa, na vyote viliisha upesi. Ila bingwa wa mambo haya ni Wajapani. Wana mchezo wao uitwao sawanobori, wa kupanda milima kwa kufuata mto wenyewe, maporomoko na yote, na mawe ya mtoni ni ukoga mtupu. Zamani walivaa waraji, ndara za majani ya mpunga, juu ya soksi zenye kidole gumba kilichotengwa. Ndara zikiisha wanatoa jozi nyingine iliyoning'inia kwenye mkoba. Leo wanavaa viatu vya felti, au vya raba iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, na wapandaji wa huko hujadili kabla ya safari ni mto gani: wenye mawe safi, raba, wenye ute, felti. Wanausoma mwamba kwanza, kisha ndipo wanachagua kiatu. Hicho ndicho ningependa ukichukue kutoka kwao.

Viatu vya felti unaweza kuvipata hata huko uliko, kwenye maduka ya wavuvi wa mtoni. Kwa makorongo yenye maji yanayotiririka ni bora kuliko soksi. Kwa Idwal ni vizito na vimelegea kidoleni, sivipendekezi. Vina kasoro nyingine: felti haikauki upesi na hubeba mwani hai kutoka mto hadi mto. New Zealand iliwapiga marufuku wavuvi wake kuvivaa mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Soksi zako pia zifue na uzikaushe kabla ya kwenda bonde jingine.

Kuna mwamba ambao hakuna kiatu kinachoutibu ukilowa. Mwamba wa mchanga, kama wa bonde la Elbe huko Saxony, Ujerumani, hupoteza nguvu ukinyonya maji, na kishikizo kinakatika mkononi mwako. Bernd Arnold, mpandaji wa huko, alipanda njia ngumu mno huko akiwa pekupeku, hivyo si watu wanaoogopa uchache wa viatu, na bado sheria yao ni kwamba mwamba uliolowa haupandwi. Ukialikwa kusini mwa Uingereza kwenye miamba ya mchanga baada ya mvua, kataa. Idwal ni volkeno ngumu, haina shida hiyo.

Mengine unayajua: kamba ya nailoni ikilowa inapungua nguvu kwa kiasi kikubwa na inapita kwa urahisi zaidi kwenye kifaa cha kushikia, kwa hiyo glavu na mikono miwili. Shuka madaraja kadhaa chini ya kiwango chako cha ukavuni. Njia za Diff na V Diff, yaani madaraja ya chini ya Uingereza, zinatosha kukutoa jasho. Kuteleza si kuanguka, ni kweli, ikiwa umeweka vizuizi vya kushikia kamba karibu karibu.

Jumamosi, kabla ya kufunga kamba, tafuta jiwe la chini lenye kijani, lisilozidi urefu wa magoti. Mguu mmoja uvishe soksi, mwingine uache raba tupu. Simama kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Rudia kwenye jiwe jeupe lililooshwa na mvua. Dakika tano hizo zitakufundisha kuliko barua hii.

Na yule mzee, muulize kama buti za babake bado zipo. Akikuonyesha, tazama ukingo wa soli: meno ya msumeno ni tricouni, ulimi uliokunjwa juu ya ngozi ni klinka. Mara nyingi fundi alichanganya. Niandikie uniambie alipigilia nini chini ya kidole gumba, maana hapo ndipo kila mpandaji alikuwa na imani yake.