Tuulize ya Bustani: Chungu kizuri, maua yanaoza

SWALI: Habari zenu. Nilinunua vyungu viwili vikubwa barabara ya Entebbe, vimenakshiwa vizuri mno, nikapanda maua. Mvua ilivyoanza majani yamekuwa manjano na udongo unanuka. Kokoto niliweka chini kama nilivyoambiwa. Nimekosea wapi? – Msomaji, Entebbe

Dada, kabla hujakimbilia mbolea wala dawa, inamisha hicho chungu uangalie chini, kuna tundu? Nahisi hakuna. Vyungu vingi vya barabarani vinafinyangwa kama vile vya maji, na chungu cha maji kazi yake ni kushika maji, sasa ukikijaza udongo halafu mvua za Aprili zinyeshe siku nne mfululizo mizizi inakosa hewa, inaoza, ndo hiyo harufu.

Na hizo kokoto watu wanarithishana tu. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, yaani umesogeza tope karibu na mizizi basi.

Toboa. Toa kila kitu, loweka chungu usiku kucha, kilaze kifudifudi juu ya gunia, bandika selotepu pale pa kutoboa, tumia drili ya betri yenye biti ya ukuta, zima ile hali yake ya kugonga, anza na biti ndogo, polepole, huku mtu anadondoshea maji. Ongeza mpaka tundu liingie kidole gumba. Ukitumia msumari na nyundo usije kunililia hapa. Juu ya tundu weka gae moja, mgongo juu, udongo usitoroke, halafu kisimamishe chungu kwenye vipande vitatu vya tofali maana kikikaa moja kwa moja kwenye sementi tundu linaziba tena.

Sahani ya chini iondoe msimu wa mvua. Mbu aina ya Aedes wanapenda sana vimaji vya namna hiyo, na kwa joto letu yai linakuwa mbu ndani ya wiki moja na ushee. Wewe hapo msitu wa Zika ni jirani yako, ndiko virusi vya Zika vilikogunduliwa mwaka 1947, na vinabebwa na mbu haohao.

SWALI: Nataka vyungu vyenye sura za watu kwenye kompaundi, mama mkwe anasema ni mambo ya mashetani. Pia nivipake rangi gani? – Msomaji, Jinja

Sura za udongo hapa kwetu si za jana mama. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wanachimba pale gereza la Luzira, Kampala, walifukua kichwa cha mtu cha udongo wa kuchomwa, cha zamani sana, leo kiko British Museum, London. Ila kubishana na mama mkwe kwa sababu ya chungu, hapana. Nunua kimoja tu, kikubwa, kiweke nyuma kwenye majani kisitazamane na mlango, mpe muda atazoea. Hata bila hilo ningekwambia kimoja, kompaundi yenye vichungu ishirini vya rangi ishirini mimi naiona kama duka.

Rangi ya mafuta usipake. Unyevu wa ndani unapenya ukuta wa chungu kwenda nje, ukikuta rangi ya mafuta inavimba na kubanduka. Rangi ya maji inavumilia zaidi, na mimi ningekiacha na wekundu wake. Ule unga mweupe utakaotokea baadaye ni chumvi za maji na mbolea, sugua kwa brashi na siki iliyochanganywa na maji.

Siku ya kununua kigonge kwa kidole. Kikilia kama kengele kimeiva vizuri, kikitoa sauti butu kina ufa au moto haukutosha, mrudishie mwenyewe hata kama amepunguza bei.

SWALI: Huku Arua kiangazi vyungu vyangu vinakauka kabla ya jioni. Ninunue vya plastiki? – Msomaji, Arua

Ndugu yangu, usivitupe. Chungu kinatoa jasho, ndo maana maji ya mtungini yanakuwa baridi, sasa Januari na jua la kwenu kinajikausha chenyewe. Chukua ndoo ya plastiki iliyotobolewa, panda humo, itumbukize ndani ya chungu, macho yataona chungu tu (nacho kiwe na tundu). Vyungu vidogo viweke pamoja upande wa kivuli cha mchana, na funika udongo kwa majani makavu. Panda vitu visivyolialia, aloe, bogenvilia. Yale magazeti ya Ulaya yanayosema uingize vyungu ndani visipasuliwe na barafu yapuuze tu, labda kama bustani yako iko juu kabisa Rwenzori.