Alama ya CQC pekee haitoshi

Dada, umeuliza kama alama ya "Nzuri" ya CQC, wakaguzi rasmi wa huduma za afya na matunzo, inatosha kumhamishia mama kwenye fleti zenye wahudumu humo humo, hapo Leicester. Haitoshi. Kwa makazi ya aina hiyo England, CQC hukagua matunzo tu: kuogeshwa, kuvalishwa, kusaidiwa dawa. Jengo halimo, kwa sababu mama atakuwa mpangaji mwenye mkataba wake wa nyumba, na matunzo ni mkataba mwingine. Lifti, unyevu ukutani, kengele ya dharura, hayo kayaangalie mwenyewe. Tazama pia tarehe ya ripoti. Nyingine ni za miaka kadhaa na meneja ameshabadilika.

Ningekuwa wewe ningekwenda jioni au Jumapili, si saa wanayopanga wao. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi, na kama wanakesha au wanalala wakisubiri kuitwa. Kisha kaa na wazee sebuleni, waulize wakibonyeza kengele anakuja nani, na baada ya muda gani. Hao ndio wanaojua kweli. Na kama Kiingereza kinampiga chenga mama, ulizia nani atamwelewa akisema kifua kinambana.