Maswali Yenu: Kusimama Mbele ya Watu na Kusema

Barua tatu tulizochagua mwezi huu zinatoka pembe tofauti za Uganda, lakini zote zinahusu kuzungumza hadharani. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa shida ya wengi.

*Mwalimu, pokea salamu kutoka Arua. Mimi ni mweka hazina wa Sacco ya wanawake wa sokoni, na mwezi ujao nitatoa taarifa ya fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama wetu ni Walugbara, Wakakwa, Wanubi na wengine waliotoka Kongo na Sudan Kusini, kwa hiyo mkutano huendeshwa kwa Kiswahili. Hesabu ninazijua vizuri, lakini nikisimama mikono hutetemeka na kinywa hukauka. Mwaka jana nilisoma karatasi yote bila kuinua macho. Nifanye nini ili woga uniishe? – Mweka hazina, Arua*

Dada, woga huenda usikuishe kabisa, na si lazima uishe ndipo uzungumze vizuri. Unapohisi kwamba macho ya watu wengi yanakutazama, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, mate hupungua, na misuli hujiandaa kana kwamba unataka kukimbia, ndiyo maana vidole hutetemeka. Kwa watu wengi hali hiyo huwa kali zaidi mwanzoni, kisha hupungua yenyewe kadiri mtu anavyoendelea kusema. Kwa hiyo kinachohitaji kuandaliwa kwa uangalifu kuliko kingine chochote ni ile dakika ya kwanza. Sentensi zako mbili za mwanzo zihifadhi moyoni neno kwa neno, hata uweze kuzitamka ukiwa unapepeta mchele. Zilizobaki usizikariri, kwa maana anayekariri hotuba nzima akipotelewa na neno moja hupotelewa na yote yanayofuata. Kabla ya kuitwa, kunywa maji kidogo na uvute pumzi taratibu, kisha uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kwa sababu pumzi inayotoka polepole hupunguza kasi ya moyo. Hoja zako ziandike kwenye kadi ngumu badala ya karatasi laini, ambayo huonyesha kila mtetemo wa mkono.

Usijilazimishe kutulia pia. Mwaka 2014 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia kabla ya kuhutubia kuwa wana hamu na msisimko walizungumza kwa ushawishi zaidi kuliko wale waliojiambia kuwa wametulia. Nadhani sababu inaeleweka: moyo unaokwenda mbio haukubali kuambiwa kwamba umetulia, lakini hukubali kuambiwa kwamba una hamu. Watafiti wengine wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walionyesha mwaka 2003 kwamba wazungumzaji hudhani woga wao unaonekana kuliko unavyoonekana kweli, na kwamba wanafunzi walioelezwa jambo hilo mapema walitoa hotuba bora zaidi. Mtetemo unaousikia wewe kama tetemeko la ardhi, mama aliyekaa safu ya tatu huenda asiuone kabisa.

Hata hivyo, barua yako inanionyesha shida iliyo kubwa kuliko woga, nayo ni ile karatasi ya mwaka jana. Taarifa iliyoandikwa ili isomwe kwa macho haisemeki, na mtu aliyepewa maneno yasiyosemeka atatetemeka hata akiwa jasiri. Tuseme umeandika hivi: "Kwa mujibu wa hesabu zilizokaguliwa, gawio kwa kila hisa limepanda kutoka shilingi 1,200 hadi shilingi 1,500 kutokana na ongezeko la mapato yatokanayo na riba ya mikopo." Hakuna kosa hapo, lakini jaribu kuitamka kwa pumzi moja mbele ya watu mia. Sasa iseme hivi: "Mwaka jana kila hisa ilikupa shilingi 1,200. Mwaka huu itakupa shilingi 1,500. Nyongeza hiyo imetoka kwenye riba, kwa sababu wengi wetu tulirudisha mikopo kwa wakati." Hesabu ni zilezile, ila sasa kila sentensi imebeba jambo moja, na mwanachama amejisikia akitajwa ndani yake.

Ndiyo maana ninakushauri uiandae taarifa yako kwa mdomo kabla ya kuiandaa kwa kalamu. Jiulize wanachama wanakuja na maswali gani. Nina hakika hayazidi haya: fedha yangu ipo salama, imezaa nini, na ni kiasi gani cha mikopo hakijarudi. Hilo la mwisho waweka hazina wengi hulikwepa, na ukumbi huligundua mara moja; litaje mwenyewe, mapema, pamoja na hatua mnazochukua. Jibu maswali hayo matatu kwa sauti ukiwa umesimama, jirekodi kwa simu, sikiliza, kisha andika kwenye kadi maneno machache tu ya kukukumbusha. Jedwali la hesabu libandikwe ukutani au ligawiwe, ili usilazimike kusoma tarakimu moja baada ya nyingine.

Zoezi la mwisho nalithamini kuliko yote niliyotaja. Mtafute mwanachama mmoja asiyejua kusoma, mweleze taarifa nzima, kisha mwombe akueleze alichosikia. Pale atakaposita ndipo maelezo yako hayajakomaa, rekebisha, urudie. Ukifika siku ya mkutano utakuwa umekwisha kuitoa taarifa hiyo kwa binadamu aliyekuelewa, na utamtafuta kwa macho ukumbini kabla ya kufungua kinywa. Ukiulizwa swali usilo na jibu lake, sema wazi ni siku gani utaleta jibu, na ulilete siku hiyo.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbale. Nimeombwa kuzungumza tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, lakini Kiswahili changu nilijifunzia sokoni na wenzangu waliosoma Kenya hunicheka. Je, nikatae? – Mwanafunzi, Mbale*

Usikatae, ndugu. Siku hiyo ilitangazwa na UNESCO mwaka 2021, na mwaka uliofuata Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi na somo la lazima shuleni, ingawa Katiba ilikuwa imekwisha kukitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005. Hatua hizi hazitafika mbali kama Waganda waliojifunzia Kiswahili sokoni wataona haya kukitumia. Wapo wazee ambao Kiswahili walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari, na bado hawajakisamehe. Wanahitaji kukisikia kwa kijana mpole kama wewe.

Hata hivyo usiipuuze sarufi. Jirekodi ukizungumza kwa muda mfupi, kisha mpe mwalimu wa Kiswahili asikilize na akuonyeshe makosa mawili unayoyarudia zaidi. Mara nyingi huwa ni upatanisho wa ngeli: mtu husema "kitu yangu" badala ya "kitu changu", au "watu mingi" badala ya "watu wengi". Rekebisha hayo mawili tu kwa sasa, maana ukijaribu kurekebisha yote kwa wiki moja utasimama jukwaani ukichunga viambishi badala ya kuwaza unachosema. Usiazime pia misamiati mizito usiyoitumia kila siku. Ukiteleza, sahihisha mara moja na uendelee, bila kuomba radhi.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mzee wa kanisa, Jinja. Katika sherehe zetu mzungumzaji akipewa dakika kumi, nusu huishia kwenye kutaja mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), diwani, mbunge na viongozi wa dini. Nikiwaruka, watu hununa. Nifanyeje? – Mzee, Jinja*

Mzee wangu, heshima hiyo ni yetu na sitakushauri uitupe. Kubaliana mapema na mshereheshaji kwamba orodha yote ataitaja yeye, mara moja, mwanzoni mwa shughuli. Wewe umtaje mgeni rasmi na mwenyeji, useme "itifaki imezingatiwa", kisha uingie kwenye jambo lako. Msibani ni tofauti: hapo waanze wafiwa, hata kama waziri amehudhuria. Na kwa kuwa dakika ni chache, usizipoteze kwa kupuliza maikrofoni na kuuliza kama unasikika. Ishike karibu na kidevu, umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, na uanze kwa salamu. Wasipokusikia watakuambia.