Ile 31% ni uwiano, si idadi

Uliyeuliza kama vijana wa miaka 12–17 waliofika idara za dharura za hospitali kwa matatizo ya akili Marekani mwaka 2020 waliongezeka kwa 31%: hapana. Kilichopanda kwa 31% ni sehemu yao kati ya wagonjwa wote wa umri huo waliofika dharura, Machi hadi Oktoba, ukilinganisha na 2019. Wenye mafua na wanaovunjika mikono michezoni walifika wachache kuliko kawaida, basi sehemu hiyo ikapanda hata idadi iliposhuka. Lakini usitulie. Februari–Machi 2021, wasichana waliofikishwa kwa kushukiwa kujaribu kujiua walizidi wa 2019 kwa 50.6%, wavulana 3.7%. Nyumbani, fungia dawa zote kwa kufuli, hata panadol. Mtoto akitaja kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, mpeleke hospitali.