Jana Ulilala Wapi?

Mwezi huu tumepokea barua tatu zinazohusu vijana wasio na mahali pa kuishi. Tumezifupisha, na majina ya waandishi yamehifadhiwa.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina mwanafunzi wa miaka 17 ambaye kwa miezi miwili sasa ndiye wa kwanza kufika shuleni, na nimewahi kumkuta bombani alfajiri akinawa uso na kubadilisha shati. Mkoba wake umejaa nguo kuliko madaftari. Nikimuuliza, hunijibu kwamba anaishi kwa rafiki. Je, huyu naye ahesabiwe kuwa hana makazi, ilhali halali barazani mwa maduka? Na nianzie wapi bila kumwaibisha?

JIBU: Mwalimu, ahesabiwe. Kijana anayelala leo kwa rafiki, kesho kwa binamu, na kesho kutwa kwa mtu ambaye hata yeye hamfahamu vyema, hana makazi, hata kama hajawahi kupitisha usiku mmoja nje. Nchini Marekani, sheria ya McKinney-Vento, iliyopitishwa mwaka 1987 na kurekebishwa baadaye, inamtambua mwanafunzi anayejibanza kwa watu wengine kwa sababu familia yake imepoteza nyumba au imeelemewa na shida, na inaitaka shule impokee mara moja hata kama hana nyaraka zinazodaiwa kwa kawaida. Waliotunga masharti hayo walielewa kwamba wengi wa vijana hawa hawaonekani. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana wa namna hii anaijua vizuri, ndiyo maana huhama kabla ya siku ya tatu kufika. Hatari iko hapo hapo, kwa kuwa kila anapohama wenyeji wanaomfahamu hupungua, na mwishowe hubaki na yule ambaye fadhila yake ina malipo yasiyotajwa mwanzoni. Wasichana hukutana na madai hayo mapema zaidi, lakini wavulana nao huyapata na hawayasemi.

Usimuulize kama ana kwao, kwa sababu jibu la swali hilo lina aibu ndani yake. Mwite pembeni, si ofisini mbele ya walimu wengine, umuulize mambo mawili tu: jana ulilala wapi, na leo utalala wapi? Ni maswali ambayo mtu huyajibu kwa kutaja mahali, na mahali hapo hukueleza mengi kuliko maungamo. Kabla hajaanza kusimulia, mwambie kwamba huwezi kuahidi siri kamili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, isipokuwa pale sheria ya nchi inapomtambua kuwa mtu mzima mapema zaidi, na kifungu chake cha 20 kinaipa dola wajibu wa kumlinda mtoto aliyekosa mazingira ya familia. Kwa hiyo afisa wa ustawi wa jamii atahusishwa, na ni heri kijana alisikie hilo kutoka kwako kuliko kumwona mgeni mlangoni.

Jambo moja nakusihi: usipige simu nyumbani kwao kabla ya kujua kilichomtoa. Ikiwa ni ugomvi na baba wa kambo, ujauzito uliopokewa kwa matusi, au maneno makali yaliyomtoka mzazi aliyechoka, mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili anaweza kuwapatanisha, na kurudi nyumbani mapema kunabaki kuwa njia bora kuliko makao yoyote. Ikiwa alikimbia kipigo au udhalilishaji, simu yako itamrudisha alikotoka. Wapatanishi huhitaji siku kadhaa, na usiku huwa umeshaingia. Ndiyo maana nchini Uingereza kulianzishwa mpango uitwao Nightstop, uliozaliwa Leeds mwaka 1987, ambapo watu wa kujitolea waliochunguzwa na kufunzwa huwapa vijana chumba kwa usiku mmoja mmoja, huku wahudumu wakizungumza na familia mchana. Hata pasipokuwa na mpango wa aina hiyo, mantiki yake inafaa kuigwa, yaani mwenyeji anayejulikana na kuchunguzwa, muda uliotajwa, na mtu mwingine anayefuatilia.

SWALI: Kikundi chetu cha kujitolea kimepewa nyumba ya vyumba sita ili tuwahifadhi vijana wa miaka 18 hadi 24. Baadhi ya wenzangu wanataka tusimpokee mtu mpaka aache ulevi na aonyeshe kwamba ana kazi au anaitafuta. Mimi nasita. Nani ana haki?

JIBU: Niseme wazi kwamba niko upande wako. Mtu asiyejua atalala wapi hawezi kuamka kwa wakati, kuoga, kutunza vyeti vyake, wala kupokea simu ya mwajiri. Kumtaka apate kazi kwanza ni kumtaka avune kabla ya kupanda. Mwaka 1992 mjini New York, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha utaratibu wa kuwapa nyumba kwanza watu wenye maradhi ya akili waliokuwa wakilala mitaani, kisha matibabu na ushauri vikafuata kwa hiari yao. Kanada iliupima utaratibu huo kati ya mwaka 2009 na 2013 katika miji mitano, kwa watu zaidi ya 2,000 waliogawanywa kwa kura, na waliopewa nyumba kwanza walidumu katika makazi kuliko walioachwa kwenye huduma za kawaida. Ufini iliufanya kuwa sera ya taifa tangu mwaka 2008, na mabweni mengi ya dharura yakageuzwa kuwa nyumba ndogo za kupanga.

Hata hivyo, wenzako wana hoja iliyojificha ndani ya kosa lao. Kijana si mtu mzima aliyepoteza nyumba. Mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kuwa na nyumba yake. Hajui kugawa mshahara wa mwezi, hajui amwambie nini rafiki anayetaka kuhamia kwake, na ukimpa ufunguo peke yake umempa nusu ya msaada. Nusu ya pili ni mtu mzima mmoja, asiyebadilika kila wiki, anayemtembelea kwa siku inayojulikana. Basi tofautisheni sharti la kuingia na kanuni za kukaa. Kuzuia vurugu, uuzaji wa dawa za kulevya na wageni wa usiku ni kanuni halali za nyumba yoyote yenye watu wengi. Nanyi jiwekeeni kanuni zenu: kila anayejitolea achunguzwe, asiwepo mhudumu wa zamu akiwa peke yake, na kila chumba kiwe na kufuli ambalo ufunguo wake anao kijana mwenyewe.

Sisitizo langu juu ya kufuli lina sababu. Niliwahi kujitolea katika makao ya vijana, na mmoja wao alilala kwa wiki tatu juu ya kitanda kisichotandikwa, shuka zikiwa zimekunjwa vile vile tulivyompa, viatu miguuni na mkoba kando ya mlango. Nilidhani ni uvivu, nikamwambia hivyo. Akajibu, bila hasira, kwamba alikuwa anasubiri siku tutakayomwambia aondoke. Katika mwezi wa nne aliomba nyundo, akapigilia msumari ukutani na kutundika koti lake. Kama tungeweka kikomo cha siku 90, kama ilivyo desturi ya makao mengi, angekuwa ameshaondoka.

SWALI: Mimi ni mwenye nyumba. Kijana wa miaka 20 aliyetoka kwenye makao ya muda anataka kupanga chumba. Ana kipato kidogo na hana mdhamini. Nitamsaidiaje bila kupata hasara?

JIBU: Andikianeni mkataba mfupi kwa lugha anayoielewa, na muusome pamoja. Ikiwa analipwa kwa wiki, pokea kodi kwa wiki, kwani fedha inayosubiri mwisho wa mwezi mkononi mwa mtu wa miaka 20 ina maadui wengi. Waombe waliomhifadhi waidhamini amana, na mkubaliane mapema nani atapigiwa simu kodi ikichelewa mara ya kwanza, si ya tatu. Usimshikie kitambulisho kama rehani, maana bila hicho hapati kazi na wewe hupati kodi. Na kila anapolipa mpe stakabadhi yenye tarehe, hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu siku atakapotaka kuhamia kwingine, hizo ndizo zitakazomwonyesha mwenye nyumba mwingine kwamba ni mpangaji anayelipa.